Rasiberi, blakiberi na machotara yake kwenye bustani ya nyumbani Usambara

Rasiberi na blakiberi ni mimea ya nchi za baridi, na ugumu wote wa kuilima mkoani Tanga unaanzia hapo. Kule ilikotoka, majani hupukutika, mmea hulala miezi kadhaa, kisha joto linaporudi huchanua wote kwa pamoja. Lushoto hakuna theluji ya kuulaza. Ukiuacha ujiendee, utaota majani mwaka mzima, utatoa ua moja leo na jingine mwezi ujao, na baada ya miaka miwili utakuwa na kichaka cha miiba chenye matunda ya kuhesabika. Kazi ya baridi inabidi uifanye wewe kwa mkasi: kukata kwa wakati, kupunguza maji kwa wakati, na kabla ya hayo yote kuchagua aina isiyodai baridi nyingi.

Maelezo haya ni ya bustani ya nyumbani kwenye milima ya Usambara, mstari mmoja au miwili ya mita 6 hadi 10. Walioko pwani wana sehemu yao mwishoni.

Kwako panafaa?

Kipimo cha kwanza ni mwinuko. Lushoto mjini pako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia hapo kupanda kuelekea Magamba, Lukozi na Mtae, usiku wa Juni hadi Agosti ni wa kutafuta blanketi. Huko ndiko mimea hii inakoishi vizuri. Soni na vijiji vilivyo chini kidogo panawezekana, ila panda mahali penye kivuli cha alasiri, kwa sababu jua la saa nane likikutana na joto la nyuzi 30 huunguza tunda upande mmoja. Amani, upande wa Muheza, iko mita 900 hivi na ina mvua nyingi mno. Hapo jaribu blakiberi peke yake, usipoteze fedha kwa rasiberi, maana kuvu itayawahi matunda kabla yako. Mombo, Korogwe na ukanda wote wa chini ni joto kupita kiasi.

Kipimo cha pili watu wengi hukiruka, na Lushoto ndicho kinachoua miche mingi: shamba lilipandwa nini kabla? Viazi mviringo, nyanya, pilipili hoho na bilinganya huacha udongoni kuvu ya mnyauko iitwayo vetisiliamu, ambayo hukaa miaka mingi na kuingia rasiberi kupitia mizizi. Dalili zake ni majani ya chini kugeuka manjano na kunyauka wakati udongo una maji ya kutosha, kisha ufito mzima kukauka, mara nyingi upande mmoja wa mche ukitangulia. Haina dawa. Kwa hiyo chagua kipande ambacho kwa miaka 3 hadi 4 kilikuwa na mahindi, maharage, kabichi au karoti, au majani tu. Stroberi nazo zisiwe zimetangulia hapo.

Cha tatu ni maji kupita ardhini. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena. Maji yakiwa hayajashuka angalau sentimita 10 kwa saa nne, udongo wako unatuamisha, na mizizi ya rasiberi itaoza masika ya kwanza. Hilo si la kukukatisha tamaa, utapanda juu ya tuta lenye kimo cha sentimita 25 hadi 30. Kwenye mteremko, mstari uende na kontua nyuma ya kinga maji, usishuke na mlima.

Jambo moja zaidi kwa walio jirani na msitu wa Magamba au misitu mingine ya hifadhi. Ndege hula matunda haya na kudondosha mbegu mbali. Ndugu mmoja wa blakiberi, anayejulikana kitaalamu kama Rubus niveus, amegeuka janga katika visiwa vya Galápagos kwa njia hiyo hiyo. Panda karibu na nyumba, funika kwa wavu wakati wa matunda, na ng'oa kila mche unaojitokeza nje ya mstari. Matunda mwitu ya jamii hii yenye miiba yanayoota kando ya njia pia hubeba virusi, na vidukari ndio wasafirishaji. Kama nafasi ipo, yawe mita 100 au zaidi kutoka bustanini.

Fito, na tofauti za mimea yenyewe

Mizizi na kitako cha mmea huishi miaka mingi, lakini kila ufito unaotoka ardhini huishi miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza unarefuka na kuweka majani. Mwaka wa pili unazaa, kisha unakufa. Hiyo ndiyo desturi ya aina za zamani. Zipo aina ambazo ufito hauna subira: huzaa kwenye ncha mwaka ule ule uliochipua. Kwa Usambara tofauti hii inaamua karibu kila kitu, kwa kuwa aina zinazozaa kwenye ufito mpya hazihitaji baridi kali ili zichanue.

Rasiberi ukiivuta imeiva, inatoka ikiwa na tundu ndani na kuacha kiini cheupe kikining'inia kwenye kikonyo. Blakiberi inatoka na kiini chake, na unakila pamoja na tunda. Rasiberi hutuma machipukizi kutoka mizizini na kuhama polepole kwenda upande wowote ule. Blakiberi hukaa zaidi kwenye kitako chake, lakini fito zake ni nene na ndefu.

Machotara yametokana na kuchanganya hizo mbili na jamaa zao. Loganberi ilipatikana Santa Cruz, California, miaka ya 1880, katika bustani ya James Harvey Logan. Boizenberi ilitoka California pia, miaka ya 1920, ikapewa jina la Rudolph Boysen. Yangiberi ilizaliwa Marekani na kupata makao makubwa Afrika Kusini. Teiberi ni ya Uskoti, ilitolewa mwaka 1979. Kati ya hizo nne, boizenberi na yangiberi ndizo zinazovumilia nchi zenye baridi kidogo. Loganberi na teiberi zinataka baridi ndefu, na kwetu zitakupa majani mazuri na matunda machache.

Aina za kutafuta

Kwa rasiberi tafuta Heritage, ambayo ilitolewa New York mwaka 1969, au Autumn Bliss ya Uingereza. Zote mbili huzaa kwenye ufito mpya. Ukiambiwa aina ni "ya kiangazi" au huzaa mwaka wa pili tu, iache, kwa sababu nyingi katika hizo hudai saa 800 na zaidi za baridi chini ya nyuzi 7, na Lushoto haifiki huko.

Kwa blakiberi, Brazos ya Texas, iliyotolewa mwaka 1959, na Tupy ya Brazil hudai baridi kidogo. Zote zina miiba mikali. Tupy ndiyo iliyojenga kilimo cha blakiberi cha Michoacán, Mexico, kwenye miinuko inayofanana na yetu, na njia ya kupukutisha majani utakayoisoma chini inatumika huko mashambani. Ukibahatika kupata Prime-Ark Freedom ya Chuo Kikuu cha Arkansas, huzaa kwenye ufito mpya na haina miiba. Epuka Chester na Navaho, kwa kuwa zinahitaji baridi ndefu.

Ukinunua, geuza mche uangalie chini. Mizizi iwe myeupe au kahawia hafifu, mingi na laini. Ukiona uvimbe mgumu wenye mikunjo kwenye kitako au mzizi, huo ni ugonjwa wa bakteria usiotibika, na utabaki kwenye udongo wako. Urudishe. Miche kutoka Kenya, Afrika Kusini au kwingineko inahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, pamoja na cheti cha afya ya mmea cha nchi inakotoka. Kuipitisha mpakani ndani ya begi ni kuleta virusi kwa jirani zako wote.

Mstari wa mita 6 unachukua rasiberi 12, au blakiberi 5, au machotara 2.

Udongo na tuta

Udongo mwekundu wa Usambara huwa na tindikali. Mimea hii inaipenda kiasi, pH (kipimo cha tindikali) ya 5.6 hadi 6.5. TARI Mlingano, Muheza, ni kituo cha utafiti wa udongo, na kupima kabla ya kupanda ni bora kuliko kubahatisha. Ikiwa pH iko chini ya 5.5, changanya chokaa ya kilimo miezi miwili au mitatu mapema kwa kiasi utakachoshauriwa. Majivu ya kuni nayo hupunguza tindikali, lakini ni makali. Konzi mbili kwa mita ya mstari, mara moja kwa mwaka, zinatosha.

Chimba mfereji wa upana wa sentimita 60 na kina cha 40, udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande mwingine. Lainisha sakafu ya mfereji kwa jembe uma. Rudisha udongo wa juu kwanza ukiuchanganya na samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita, na konzi moja ya mbolea ya Minjingu. Samadi ikiwa bado ina harufu kali au ina joto ukiingiza mkono, haijaiva, itaunguza mizizi. Malizia na udongo wa chini, uinue tuta, kisha liache litulie wiki mbili au tatu. Magugu yenye mizizi ya kutambaa, hasa sangari, yang'oe yote sasa. Yakishajisokota kwenye mizizi ya rasiberi hutayatoa tena bila kuumiza mche.

Nguzo na waya

Simamisha nguzo kabla ya kupanda, ili usikanyage mizizi michanga. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa ziwe na urefu wa mita 2.4, sentimita 60 zizame ardhini. Kwa mstari wa mita 6 weka tatu. Za mwisho zipe mhimili wa kuziegemeza, vinginevyo waya ukivutwa zitainama mwaka wa kwanza. Tumia waya wa mabati wa geji 12.

Rasiberi inatosheka na waya mbili sambamba, moja kila upande wa mstari, kwenye kimo cha mita 1.1, zikitengana sentimita 50 kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa nguzoni kwa kukingama. Fito husimama katikati bila kufungwa. Blakiberi inataka waya kwenye kimo cha sentimita 90 na 150. Machotara hutambaa, hivyo weka nne: 60, 100, 140 na 175. Kufungia, kamba ya katani ndiyo bora. Haikati gome, na ukikata ufito mzee unaitupa pamoja nao ikaoze.

Kupanda

Panda masika, mvua ikishalowesha udongo sentimita 30 kwenda chini, kwa kawaida mwishoni mwa Machi. Udongo wa mfinyanzi mzito usubiri hadi mvua kubwa ipungue, mwezi Mei. Vuli nayo yafaa kama una maji ya kumwagilia Januari na Februari.

1. Loweka mizizi majini saa moja hadi mbili. Usizidishe.
2. Chimba mashimo. Rasiberi zitengane sentimita 50, blakiberi mita 1.2, machotara mita 2.5 hadi 3. Kati ya mistari acha mita 2 kwa rasiberi na mita 3 kwa nyingine.
3. Tandaza mizizi, usiikunje. Alama ya udongo wa kitalu iliyopo kwenye shina ilingane na uso wa tuta au izame sentimita 2 hadi 3. Rasiberi iliyozikwa sentimita 10 hukawia kuchipua au huoza kitako.
4. Gandamiza kwa viganja, mwagilia lita 5 kila mche, kisha kata ufito wenyewe ubaki na sentimita 20. Inauma kukata mche ulionunua kwa pesa, lakini machipukizi ya maana yatatoka chini, na ufito mrefu utayanyima nguvu.
5. Tandaza matandazo unene wa sentimita 8, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina.

Kwa matandazo, mabua ya maharage, majani makavu ya migomba na maranda ya zamani yanafaa. Majani ya Guatemala yanayopandwa kwenye makinga maji ni mazuri pia, lakini yaanike kwanza yakauke kabisa. Mashina mabichi huchipua yakilala kwenye udongo wenye unyevu.

Maji na mbolea

Mizizi mingi iko kwenye sentimita 30 za juu, kwa hiyo kiu inakuja haraka. Wastani ni milimita 25 za maji kwa wiki, sawa na lita 15 kwa kila mita ya mstari, mvua ikiwemo. Matunda yakianza kujaa, ongeza kidogo. Mwagilia chini, usiloweshe majani, na iwe asubuhi.

Wiki sita baada ya kupanda, machipukizi yakiwa na kimo cha mkono, weka kijiko kimoja kikubwa cha CAN (mbolea ya dukani ya naitrojeni), gramu 15 hivi, kuzunguka kila mche, umbali wa sentimita 20 kutoka shinani. Kuanzia mwaka wa pili weka gramu 30 kwa mita ya mstari mara mbili kwa mwaka, machipukizi mapya yanapoanza na mwanzo wa maua, pamoja na nusu debe la samadi kwa mita. Usizidishe naitrojeni. Majani yakiwa makubwa, ya kijani iliyokolea, na fito laini zinazoinama, matunda yatakuwa mepesi na yataoza upesi.

Kukata: hapa ndipo mavuno yalipo

Rasiberi kwanza. Tangu kukatwa hadi tunda la kwanza, Heritage na Autumn Bliss huchukua miezi minne na nusu hivi, hadi mitano kwenye vijiji vya juu. Unachotaka ni kuhakikisha matunda hayaivi katikati ya masika wala katikati ya vuli, kwani rasiberi iliyoiva ikinyeshewa siku tatu mfululizo ni ya kutupa. Kwa hiyo gawa mstari nusu mbili. Nusu ya kwanza ikate yote, usawa wa ardhi, mwishoni mwa Februari. Itakua na masika, itachanua Juni, na utachuma kuanzia Julai hadi Septemba, wakati wa ukavu na ubaridi, ambapo matunda huiva polepole na kuwa na utamu uliokolea. Nusu ya pili ikate mwanzoni mwa Septemba, ikue na vuli, uchume kuanzia mwisho wa Januari.

Wiki nne kabla ya kukata, punguza maji hadi theluthi. Majani yataanza kufifia na mmea utarudisha chakula chake kwenye mizizi. Ukikata fito zikiwa bado mbichi na zinakunywa, machipukizi yanayofuata huwa membamba. Kata karibu kabisa na udongo, usiache visiki. Kisiki cha sentimita 10 hutoa matawi dhaifu ya pembeni na kuwa mlango wa kuvu.

Baada ya wiki mbili au tatu machipukizi yatatoka kwa wingi. Yakifika sentimita 20, punguza. Bakiza 10 hadi 12 kwa mita moja ya mstari, yale manene, kwenye upana wa sentimita 40. Mengine yang'oe kwa kuyavuta na mzizi wake. Hatua hii huwa ngumu kwa mtu anayeanza, lakini mstari uliosongamana ndio chanzo kikuu cha kuvu ya matunda, na fito 30 zilizobanana huzaa pungufu ya 12 zenye hewa.

Matunda huanza nchani na kushuka. Yakiisha, kata theluthi ya juu iliyokauka. Sehemu ya chini itakupa mavuno madogo ya pili miezi michache baadaye, kabla ya zamu yake ya kukatwa yote kufika. Nusu moja isikatwe usawa wa ardhi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mizizi itachoka.

Brazos na Tupy zinakwenda tofauti, kwa sababu huzaa kwenye fito za mwaka uliopita. Mche ubaki na fito mpya 4 hadi 6. Ufito ukifika mita 1.1, kata ncha yake sentimita 5. Utatoa matawi ya pembeni, na hayo ndiyo yatakayobeba matunda. Mwanzoni mwa Juni punguza maji na usitie mbolea tena. Katikati ya Julai, baada ya wiki sita za baridi, vaa glovu za ngozi, pukutisha majani yote kwa mkono na kata matawi ya pembeni yabaki na sentimita 30 hadi 40. Siku hiyo hiyo rudisha maji kamili na mbolea.

Angalia kwa karibu pale jani lilipotoka: utaona jicho dogo lililofunikwa na magamba ya kahawia. Ndani ya wiki mbili au tatu magamba yanaachana, kijani kinachungulia, na kijitawi kinatoka kikiwa na vitumba vya maua nchani. Macho yakibaki yamefungwa zaidi ya wiki tano, baridi haikutosha au ufito ni mchanga mno. Tunda la kwanza utalichuma siku 90 hivi baada ya kupukutisha, yaani Oktoba, kabla vuli haijakolea. Ndiyo sababu tarehe ya katikati ya Julai isisogezwe hadi Septemba. Mavuno yakiisha, fito zilizozaa zikate chini na uzitoe bustanini. Prime-Ark Freedom unaweza kuikata kama rasiberi.

Machotara hayakatwi ncha mapema, yaache yarefuke mita 2 hadi 3. Fito zinazozaa zisambaze kwenye waya kama feni, na fito mpya zilaze chini kwenye mstari, zimefungwa pamoja kwa katani, zisichanganyike na za zamani. Baada ya kuchuma, kata za zamani na uinue mpya mahali pake. Kupukutisha majani ni Julai vile vile.

Yanayoharibika na sababu zake

Rasiberi inayosambaratika mkononi ukiichuma haikupata uchavushaji wa kutosha. Kila chembe ya tunda inahitaji chavua yake, na nyuki hawatoki siku za ukungu na mvua. Mmea hujichavusha wenyewe, ila bila nyuki hauenei vizuri. Mzinga jirani unasaidia sana, na usinyunyize kiuatilifu chochote wakati wa maua. Ikiwa mche mmoja tu ndio wenye matunda ya hivyo msimu baada ya msimu, na majani yake yana mabaka ya manjano, ni virusi. Ng'oa uchome.

Vumbi la kijivu juu ya tunda ni kuvu inayoanzia kwenye ua na kujificha hadi tunda liive. Chuma kila siku ya pili, ondoa pia yaliyooza, punguza fito. Dawa bila hewa ni hasara.

Vidoa vya njano vya ungaunga chini ya majani ni kutu. Vikiwa vichache, toa majani hayo uchome, na dawa ya shaba kabla ya maua kufunguka, kwa kipimo cha lebo, itazuia kuenea. Lakini blakiberi ikitoa machipukizi membamba yaliyodhoofika, chini ya majani yake kumefunikwa rangi ya chungwa yote, kutu hiyo imeingia hadi mizizini. Mche huo hautapona kamwe, uchimbue.

Blakiberi yenye chembe nyeusi na nyingine zilizogoma kuwa nyeusi ina utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Huishi kwenye fito zilizozaa, hivyo zikate na kuzichoma mapema. Ikiwa tunda lilikuwa jeusi lote mtini na chembe zimegeuka nyekundu baadaye ndani ya chombo, ni joto na kugandamizwa, chuma asubuhi zaidi. Chembe nyeupe upande wa jua ni kuungua. Tundika wavu wa kivuli wa asilimia 30.

Kuzumburu na shore wataliona tunda kabla yako. Wavu uwe umekaa juu ya fremu, usigusane na matunda, na pembe zake zifungwe hadi chini.

Kuchuma

Rasiberi haiivi baada ya kuchumwa. Ishike kwa vidole vitatu na ivute taratibu. Ikigoma, iache hadi kesho kutwa. Blakiberi inayong'aa bado ni chachu, subiri mng'ao ufifie na ianze kutoka kirahisi. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kwenye chombo kipana chenye matabaka mawili au matatu tu, na usioshe hadi wakati wa kula. Kwenye friji rasiberi hukaa siku mbili au tatu, blakiberi hadi wiki. Za kugandisha, zitandaze kwenye sinia moja moja hadi ziwe ngumu, kisha ndipo uzitie kwenye mfuko.

Mstari uliotunzwa hutoa kilo 1 hadi 2 za rasiberi kwa mita, na mche mmoja wa blakiberi kilo 2 hadi 4. Kuzishusha zikiwa mbichi kwa basi hadi Tanga mjini ni kuzifanya uji kwenye kona za Mombo. Pika jamu huko huko juu: kilo moja ya matunda, gramu 750 za sukari, juisi ya limau moja, ichemke hadi tone juu ya sahani baridi likikunja uso ukilisukuma kwa kidole.

Kupata miche zaidi

Rasiberi ni rahisi. Mwanzo wa masika, chimbua chipukizi la sentimita 15 hadi 20 pamoja na kipande cha mzizi na udongo wake, lipande siku hiyo hiyo. Blakiberi na machotara huzikwa ncha. Subiri ncha ya ufito mpya iwe ndefu na nyembamba kama mkia wa panya, majani yake yakiwa madogo sana. Ichimbie shimo la sentimita 10, iingize ikiangalia chini, fukia na uigandamize kwa jiwe. Baada ya wiki 8 hivi itakuwa na mizizi myeupe mingi. Ikate kutoka kwa mama ikiwa na sentimita 20 za ufito. Kwa baadhi ya aina zisizo na miiba usitumie vipande vya mizizi: kutokuwa na miiba kwao kuko kwenye tabaka la nje la shina tu, na mche utokao mzizini hurudi na miiba yote.

Ukiwa Tanga mjini, Pangani au Bagamoyo

Panda mforosadi. Tunda lake linafanana na blakiberi kwa sura na matumizi, na mti wenyewe hauna habari na baridi. Kata vijiti vya unene wa penseli, urefu wa sentimita 25, kutoka tawi lililokomaa rangi ya kahawia. Chomeka theluthi mbili kwenye kiriba chenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, weka kivulini, loweka kila siku ya pili. Baada ya miezi miwili au mitatu hamishia kwenye shimo la sentimita 60 kila upande lenye madebe mawili ya samadi, mita 4 kutoka ukutani au kutoka kwenye tangi la maji taka, kwa sababu mizizi yake ina nguvu.

Usiuache upae. Kila mwaka kata matawi yabaki na kimo cha mita moja na nusu, pukutisha majani yote yaliyobaki na umwagilie debe mbili kwa wiki. Chipukizi jipya hutoka likiwa na vitumba vya matunda pamoja na majani. Fanya hivyo mwishoni mwa Juni, masika ikishapita, na utachuma wakati wa ukavu. Tandika turubai chini ya mti, tikisa tawi, na okota yaliyodondoka yenyewe. Doa la forosadi kwenye nguo lisugue kwa tunda bichi la mti huo huo kabla halijakauka.